Mtu wa Tatu

Maryamu, weka chini hiyo mboga unisome. Gari letu limezuiliwa kituo cha polisi, na kisa ni huku kusoma kwangu.

Tulikuwa tunatoka Kwamndolwa na matenga ya nyanya, Faudhia anaendesha. Ndiyo, huyu Faudhia wangu wa miaka kumi na saba. Askari akatusimamisha, akaomba leseni. Hana. Wala sikuogopa. Nikatoa karatasi ya bima.

Nikamwambia, "Soma hapo, afande. Bima ya mtu wa tatu. Baba yake dereva wa kwanza, baba yake mdogo wa pili, huyu wa tatu."

Akamwita mwenzake, "Semboja, njoo usikie hii hesabu."

Hesabu, Maryamu. Mbele ya mtoto wangu.

Kisha akanigeukia, "Mama, mtu wa tatu ni yule mtakayemgonga. Na huyu binti hajafikisha kumi na minane, leseni ya gari hapati."

Karatasi ile niliisoma mstari kwa mstari, kama tunavyofundishwa darasa la jioni. Wakala wa bima alinionyesha pa kutia sahihi tu, maana yake hakunieleza. Na mimi sikuuliza, nilitaka aone kwamba najua kusoma.

Mume wangu Sadala akirudi kesho kutoka Dindira nitamwambia nini?

Nimeswali alasiri, nikajikuta namwombea huyo mtu wa tatu. Hata jina simjui. Nimemshukuru Mungu kwamba hatukukutana naye njiani.