Kijiko cha Asali Katika Chai Yako

Mpendwa mume wangu, Baba Editha,

Nianze na habari njema, maana unanijua, habari njema hainikai kifuani. Yule binti yako uliyekuwa ukimpeleka kwenye mizinga huku mimi napiga kelele, leo asali yake inauzwa Kasulu mjini, katika duka lenye vioo, imepangwa rafu moja na majani ya chai. Kila chupa ina karatasi yenye jina la kijiji chetu. Jina la kijiji, Baba Editha! Mimi niliishia darasa la nne, lakini hiyo karatasi nimeisoma mpaka nimeikariri. Nimewasomea majirani wote, hata wale wanaojua kusoma.

Ulituacha tukiwa bado watu wa Kibondo. Siku hizi tuna wilaya yetu, Kakonko. Na lingine hukulikuta: watu wa mjini wameanza kuikimbia sukari. Walimu, wenye magari, wake za wakubwa, wanaingia dukani wanauliza asali ya kutia kwenye chai. Ule ubuki wako, yaani asali ile ile, ambao zamani wapika pombe waliuchukua kama wanakusaidia, sasa unaagizwa kwa simu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi porini na ndoo kichwani, unanuka moshi, uso umevimba. Siku moja nilikuambia, "Leo umenenepa jicho moja tu." Ukanijibu, "Cheka, ukimaliza lete kikombe." Halafu ukaanza kwenda na Editha. Nikagomba. Kwetu mwanamke hapandi kwenye mzinga, na nani angeoa msichana anayenuka moshi? Ukasema, "Atakayemuoa atakula asali." Ukafunga mdomo wangu, na si wengi waliowahi kuufunga.

Asante kwa hilo. Lakini barua hii nimeiandika kwa ajili ya asante nyingine, ile niliyokaa nayo miaka.

Unakumbuka ulipoambiwa una ugonjwa wa sukari? Muuguzi alisema uache sukari kabisa. Nilifika nyumbani nikaitoa yote, nikampa jirani, nikatangaza mtaa mzima kwamba mume wangu hagusi sukari tena. Kila asubuhi nikakutilia asali kwenye chai, vijiko viwili, siku nyingine vitatu. Uliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikakuvimbia, "Sukari inatoka kiwandani. Hii imetoka kwa nyuki, nyuki ni wa Imana, Mungu mwenyewe. Ugonjwa watautoa wapi?" Ukanywa.

Kila tulipokwenda kupima, hali ilikuwa mbaya zaidi. Muuguzi anauliza, tunaapa wote wawili kwamba sukari hatuijui. Mpaka siku ile Editha alipotusindikiza, akasema kwa sauti yake ndogo, "Lakini asali anakunywa." Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, asali nayo ikifika mwilini ni sukari."

Njia nzima ya kurudi sikuweza kukutazama. Nilingoja uniseme. Ulichosema ni, "Mama Editha, kesho nitilie tangawizi." Basi. Ulikaa nasi miaka mingine, chai yako haina kitu, unakunja uso kila unapomeza. Hata tulipogombana, hata ulipokuwa kitandani mwishoni, hukunirudishia neno la asali ile. Wala hukumwambia mtu. Watu walinisifu jinsi nilivyokuuguza, nami nikazipokea sifa hizo zote. Zile nazo nilijua kuzipokea.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita tulipeleka mzigo kwa Bi Zuhura, mwenye duka lile la vioo, tukalala kwake; kesho yake asubuhi tulikuwa bado pale. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni natangaza, "Karibuni asali ya binti yangu, ya pori, haina maji, haina moshi!" Akaja mama mmoja kijana, kutoka Buhigwe, mtoto mgongoni. Akachukua dumu kubwa, si chupa. Akasema, "Ni ya mume wangu. Ana sukari. Wameniambia asali haina shida."

Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kumfungia. Editha alinitazama. Alinitazama kwa macho yako, na mimi nikajua kwamba nikinyamaza, hatanisema, kama wewe. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikasimama. Nikasema, "Mwanangu, weka chini hilo dumu."

Bi Zuhura akaruka, "We Mama Editha! Unafukuza wateja dukani kwangu? Jana ulisema asali hii inafufua maiti!"

"Jana nilikuwa najisifu," nikamwambia. "Leo nasema kweli." Nikamgeukia yule mama, duka zima linasikia: "Mimi nilimtilia mume wangu asali hivyo hivyo. Ugonjwa ukazidi. Asali ni tamu, ni nzuri, lakini kwa mwenye ugonjwa ule ni sukari. Rudi kwa waliompima, uwaulize wao."

Akamsogeza mtoto mgongoni. Kisha akaniuliza taratibu, "Alikukasirikia?"

Baba Editha, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Aliniomba tangawizi." Nikalia, mimi, mbele ya wateja. Yule mama naye akafuta macho kwa kanga. Akaliacha dumu, akanunua chupa moja ndogo, ya kwake mwenyewe. Na tangawizi.

Bi Zuhura alininunia mpaka saa sita, kisha akaniletea chai. "Mdomo wako huo," akasema, "siku moja utanifungia duka. Kunywa."

Binti yako tuliporudi alichukua karatasi za chupa, akaongeza mstari chini kwa mkono wake, karatasi moja moja: mgonjwa wa sukari asitumie kabla ya kuuliza hospitali. Ana mwandiko mzuri kuliko wa karani wa kata, na hapo sijisifu, kila mtu anasema. Wateja hawakupungua. Wanasema duka linalokuambia usinunue ndilo la kununua.

Asante kwa kuninyamazia. Nilidhani ulinifichia aibu. Kumbe ulinitunzia, mpaka nitakapoweza kuisema mwenyewe.

Asubuhi hii nimepika chai yako, ya tangawizi, haina kitu. Asali ya mwanao ndoo tatu ziko hapa miguuni pangu, sijagusa. Chai nimeinywa yote, na uso nimeukunja kama wewe.

Pumzika, mume wangu. Nyuki wako hawajambo.

Mkeo, yule yule mwenye mdomo,
Mama Editha