Homoni za Mume Wangu Zinaishia kwa Nani?

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijajiaibisha, mimi ni mke wa miezi minne tu na nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote, fundi seremala, akirudi jioni ana vumbi la mbao hadi kwenye kope, namfuta taratibu kwa kitambaa na moyo wangu unayeyuka, namwita Asali ingawa ana kisukari, usinicheke. Shida ni nesi wa kliniki ya kisukari. Siku hizi Asali wangu akifika kitandani ananipa mgongo, "Nimechoka, mke wangu," lakini siku ya kliniki anaamka mapema, ananyoa ndevu, anapiga pasi shati mwenyewe! Juzi nikamfuata, nikachungulia dirishani, nikamwona kavua kiatu na huyo nesi kamshika mguu, anambonyeza kidole gumba, wanacheka, Shangazi, wanacheka! Mguu huohuo mimi nikiugusa tu anaruka. Nikapekua mfuko wa suruali nikapata karatasi ya vipimo: asidi ya yuriki iko juu, testosteroni, ile homoni ya kiume, iko chini. Nikamuuliza dada wa saluni, akasema, "Shoga, imepungua kwa sababu kuna mtu anaitumia." Tangu hapo chakula hakipiti. Nikimuuliza mwenyewe anasema, "Mambo ya hospitali tu hayo, mama." Jumatatu ana kliniki tena, nami nimepanga kwenda kumvaa huyo nesi mbele ya foleni nzima. Nampenda mno, nifanye nini?

Bibi Harusi Anayeungua

Bibi Harusi, pole, lakini kwanza kaa chini. Homoni si maji ya tangi, kwamba jirani akichota wewe unakosa. Mwanamume mwenye kisukari anaweza kupungukiwa hata kama hajawahi kumtazama mwanamke mwingine. Huyo dada wa saluni akusuke nywele, vipimo awaachie wenye kazi yao.

Nimemuuliza daktari kwa niaba yako. Anasema tafiti kadhaa zimeona kwamba kwa wanaume wenye kisukari, asidi ya yuriki, ile taka inayobaki kwenye damu, ikiwa juu, mara nyingi testosteroni huwa chini. Ipi inamvuta mwenzake, bado wanabishana, na unene nao una mkono wake. Homoni hiyo ikishuka, hamu hushuka na uchovu huingia. Asidi nayo ikizidi inaweza kujikusanya kwenye viungo, hasa kidole gumba cha mguu. Hilo ni jongo, na likiwaka hata shuka likigusa mtu hupiga kelele, likitulia hata akibonyezwa anacheka. Kumbe ulitaka asiruke?

Nesi kukagua miguu ya wenye kisukari ndiyo kazi yake. Na lile shati la pasi? Mwanamume anayejiona amepungua hujipamba anapokwenda kusomewa matokeo. Amekosea kukuficha, nitamwambia hivyo usoni. Lakini wewe, mke mzima, kuchungulia madirisha!

Leo mpe karatasi yake mkononi, mwambie umeisoma na bado unampenda. Usimnunulie dawa za nguvu za mitaani, wala asiache dawa zake. Jumatatu nenda, ila nenda naye, mkae benchi moja. Mwombeni daktari arudie kipimo cha homoni asubuhi, na amtazame hicho kidole. Nesi akiinama kuushika mguu, inama naye, akufundishe kuukagua, kisha nyumbani kazi hiyo iwe yako kila siku. Mwenye wivu kama wako asimwachie mtu mwingine mguu wa mumewe.