Dirisha la Ofisi ya Ufundi

Mpwa wangu,

Goti linanisumbua kwa baridi ya huku ugenini, ila bado natembea. Mama yako kanipigia simu kwa furaha: umeacha ukocha, sasa ndiwe mkurugenzi wa ufundi wa klabu, na unaniuliza kazi yangu ya zamani inafanywaje.

Unamchagua kocha, kama nilivyokuchagua wewe. Kisha unatazama mazoezi kila siku, ili timu ikifungwa uwe na la kumtetea. Mimi nilikutazama kutoka ofisini. Wewe ukamwambia mwenyekiti, "Mjomba kanikalia kooni, lizibeni lile dirisha." Wakaliziba kwa matofali, nami nikafungasha.

Ofisi ni ileile. Utahitaji taa hata mchana.

Ni mimi, mjomba wako.