Povu kwenye mtungi wa gesi

Iringo, Jumanne

Kumbe ni sabuni tu! Miezi mitatu mtungi wa gesi alioninunulia binti yangu Neema umekaa jikoni nimeufunika kitenge. Daktari alishasema moshi wa mkaa unanimaliza kifua, lakini mimi nilikuwaga naona kama bomu limelala pale.

Leo nikiwa nakohoa kwenye moshi, akaingia jirani, Mama Rehema, yule wa nikabu. Naye nilikuwa namwogopa tangu ahamie. Nampita bila salamu, Mungu anisamehe.

"Mama Neema, unajikausha kama sangara?" Akafunua uso, anacheka. Kumbe ana mwanya.

Nikamwonyesha mtungi, nikamwambia naogopa utalipuka. Hakunibeza. Alikoroga sabuni na maji, akapaka povu kwenye mpira unaokwenda kwenye jiko lake na kwenye kichwa cha mtungi, akafungua gesi. "Tazama. Gesi ikivuja, utaona povu linavimba."

Tukainama wote wawili. Povu likatulia.

"Sasa washa wewe."

Nikawasha kiberiti. Nikasema kwa jina la Yesu, yeye akasema bismillahi, jiko likawaka. Nimesonga ugali bila kukohoa hata mara moja.

Akiaga, nikamwambia ukweli kwamba nilimwogopa.

"Na mimi je? Ukianza kukemea mapepo alfajiri, nilikuwaga nadhani unanikemea mimi!"

Nikacheka naye, lakini kuna siku... ndiyo, nilikuwa namkemea yeye.

Kesho nitaomba kwa sauti ya chini. Halafu nitachemsha chai kwa gesi, nimpelekee ikiwa ya moto.