Mbio Fupi za Mzee Dida

Jumatatu, 7 Machi 1983
Nimeswali, nimekamua mbuzi, nimechemsha chai. Mume wangu Dida kakaa mlangoni na kiatu kimoja, anauliza kama ng'ombe wamerudi. Tuliwauza zamani. Nimemjibu kwa ukali. Mungu anisamehe, nimechoka.

Mchana nikampeleka hospitali. Kuna daktari kijana wa Nairobi, anapima damu ya wazee kabla na baada ya kukimbia. Mbio fupi, lakini kwa nguvu zote. Anasema damuni kuna protini zinazolinda ubongo, na mbio kama hizo huenda zikaziongeza. Huenda! Nimelishika hilo neno kwa mikono miwili. Moyo wa Mzee wamepima, uko sawa. Atakimbia Jumatano.

Jumanne, 8 Machi
Amekataa. "Mimi nikimbie? Nani amekufa?" Nimembembeleza, nimegomba, nimelia. Wapi.

Jumatano, 9 Machi
Amekubali. Amesahau kwamba alikataa. Sijui nicheke au nilie.

Damu ya kwanza ikatolewa. Hospitali imejaa watu, daktari akasema twende uwanja wa kando ya soko la mifugo. Sikufikiria. Wala yeye. Filimbi ikalia, Mzee akakunja kikoi, akatoka kama kijana.

Kwetu mzee hakimbii bure. Akikimbia, wezi wa mifugo wamefika. Mchungaji mmoja akamwona, akapiga nduru. Soko lote likatimka! Mbuzi huku, akina mama kule, muuza miraa akaacha mzigo wake. Askari wakaja na bunduki. Na Mzee, kusikia nduru, akaongeza kasi, akampita daktari. Tulimkuta mbali, nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe, amejificha.

"Mama, damu ya sasa haifai," daktari akasema. "Ilitakiwa itolewe mara tu anaposimama."
Nikamwambia angemfuata mbio basi, yeye ndiye kijana.

Alhamisi, 10 Machi
Jirani yangu, dukani, mbele ya watu: "Mama Guyo, leo wezi wanatokea upande gani? Tujipange." Wakacheka. Nimerudi bila sukari.

Jumamosi, 12 Machi
Tumerudia ndani ya ua wa hospitali, geti limefungwa. Amekimbia vizuri. Damu imeenda Nairobi. Naomba kila swala.

Jumatatu, 18 Aprili
Daktari amerudi. Zile protini zilipanda kidogo kwenye damu baada ya mbio. Mzee alipopumzika, zikashuka.
"Sasa atapona?"
"Sijui, Mama. Tumepima damu tu. Kichwani kunaendaje, bado hatujui. Sikukuahidi dawa."
Kweli hakuahidi. Ndiyo maana nina hasira zaidi, sina wa kumlaumu. Nilimuuliza kama kukimbia kutamdhuru. Akasema hapana, moyo unaweza.

Njiani Mzee aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Mara mbili.

Ijumaa, 22 Aprili
Baada ya alfajiri nimemtoa nyuma ya boma, upande usio na watu. Sikumweleza kitu. Nimemshika mkono, tukakimbia mpaka kwenye mgunga. Mimi ndiye niliyeishiwa pumzi kwanza. Akacheka, kicheko chake kile cha zamani.

Tukakaa chini. Akaniangalia sana, akauliza mimi ni mke wa nani.
"Wako."
"Alhamdulillahi," akasema, akasogea karibu.