Mtu wa Kwenye Stuli

4 Agosti

Shikamoo Baba,

Habari za kazi? Sisi wazima, ila jino la Mama limeanza tena ukorofi wake.

Baba, Jumamosi ya tarehe 16 mwalimu wetu wa sanaa anatupeleka kwa treni kwenye huo mji wako wa kando ya mto. Tutaona picha na vinyago, kisha turudi jioni. Tangu Januari sijakuona. Naomba unipokee stesheni. Nitavaa sweta ya kijani, usije ukapokea mtoto wa watu.

Binti yako

9 Agosti

Marahaba mwanangu,

Mimi niko imara, nakula mpaka mkanda umenibana. Lakini Jumamosi hiyo tunachoma vyungu, na tanuri likishawashwa haliachwi. Usinitafute kiwandani, kuna moshi mwingi. Tazama picha, kaa karibu na mwalimu. Mpe Mama pole ya jino.

Baba yako

17 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumaini umeamka salama. Jana tulifika. Chuo cha uchoraji kina ukumbi mrefu unaotazama mto, na ukutani kuna michoro saba ya penseli ya mwanamume mmoja. Amekaa kwenye stuli, kifua wazi, na kila mchoro una tarehe yake. Wa Februari ana mabega. Wa Agosti ana mifupa tu.

Wenzangu walicheka. "Mbavu hizo, utadhani ngazi!" Mimi nilikuwa nalitazama sikio la kushoto. Limechanika kama lako.

Mama mmoja anayefagia ukumbi akaniambia, "Huyo alikuwa mfinyanzi, kifua kikamtoa kazini. Sasa anakaa wanafunzi wamchore. Yuko nyuma ya pazia pale, anapumzika. Kwani ni nani wako?"

Nikasema simjui.

Wenzangu walikuwa wananisikiliza, Baba. Kisha mwalimu akatuita kwa sababu treni ilikuwa inakaribia, nikaenda. Nisamehe. Rudi nyumbani utibiwe.

Binti yako

24 Agosti

Mwanangu,

Nilisikia kila neno, wala sikukasirika. Mimi ndiye niliyekudanganya kwanza. Ningeweza kutoka, lakini nilikuwa sijavaa shati, na kulivaa siku hizi kunanichukua muda.

Daktari wa hapa amesema mapafu yameharibiwa na vumbi la udongo, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Nikija nyumbani nitawaletea kikohozi na shuka za kufua, basi. Hapa, hata nikikaa kimya, bado nafaa kitu. Usimwambie Mama. Wewe soma.

Baba yako

14 Septemba

Shikamoo Baba,

U hali gani? Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu.

Nimemwambia Mama. Najua ulinikataza. Hakulia. Aliwasukuma kuku nje, akakitandika kile kitanda cha karibu na dirisha, kisha akaniuliza treni ya kwanza inaondoka saa ngapi. Nilipomwambia unaogopa kutuletea kikohozi, alisema, "Mwambie aje nacho, aache ujinga."

Tunakuja Jumamosi hii. Tutaanzia chuoni. Tukikukosa tutakwenda hospitali, na tukikukosa huko tutauliza nyumba kwa nyumba.

Tiketi tumeshakata: mbili za kuja, tatu za kurudi.

Binti yako