Nilipamba Nyumba, Wageni Wakaitaka

Mpendwa mushauri, naomba msaada, na kama barua imechanganyika usinilaumu, akili ndiyo ilitangulia. Niko na malewa hapa Bunia, mugahawa mudogo wa chakula cha kawaida tu, bugali, sombe, na samaki ya Mahagi-Port wakati barabara inapitika, na tangu vita vilegee kidogo na magari meupe ya mashirika ya misaada yajae mujini nilijiambia, hawa ndio watalii wetu, tusingojee wengine, basi nikapaka nyumba rangi, nikatengeneza baraza, nikapanda maua, nikaweka mabati mapya pale wanyang'anyi walipobomoa, na kweli wageni wakaja, wakakula, wakapiga picha, mupaka mumoja akaniuliza, "Mama Viviane, hii nyumba ni ya nani?" na mimi kwa furaha, nikifikiri anataka kumusifu mwenyewe, nikamushika mukono nikamufikisha kwa Papa Baudouin, mwenye nyumba ninayemulipa kodi. Sasa wanaikodi kuwa ofisi yao, kwa dola ambazo sizipati hata nikiuza na sufuria. Nilienda kulia kwa Papa Baudouin, akaniambia, "Mama, siye tulikimbia vita kule Djugu bila hata mukeka. Jamaa yote iko inalala chini kwangu. Niwalishe upole wako?" Na ni kweli. Akaongeza kwamba wageni wanataka nibaki mupishi wao. Dada yangu Patience anasema nifunge mulango nisitoke, muchungaji anasema nishukuru Mungu. Nimukasirikie nani? Nikuwe mutumishi katika jiko langu, ao niende wapi?

Viviane, Bunia

Mama Viviane, pole. Ulimuogesha mbuzi wa jirani, ukamupeleka sokoni weye mwenyewe, sasa unashangaa kubaki na kamba. Hapa kwetu mugeni akisifu ukuta, tunamuambia paa inavuja na nyoka iko chini ya kitanda. Weye ukamuonyesha njia.

Papa Baudouin umuache. Mutu mwenye jamaa sakafuni hakatai dola, hata weye ungezipokea. Lakini kumuhurumia si kumuachia jasho lako. Ulipoingia ulitoa garanti, ile kodi ya miezi mingi anayoishika mwenye nyumba, kama kila mupangaji. Basi usilipe kodi tena: kaa humo, ukule garanti mupaka iishe, ndivyo siye wote tunavyohama, na yeye anajua. Halafu umuendee pamoja na mukubwa wa kartye, yule wa mutaa wenu, umuambie mabati ni yako, ayanunue ao uyashushe. Musimu wa mvua unakaribia, hatabishana sana.

Upishi ukatae kwa heshima. Mugeni anakula mupaka siku ya ndege yake, kisha anakuachia barua ya sifa, na barua haipikwi. Tafuta pahali karibu na maegesho ya pikipiki, watu wa pale wanasikia njaa kila siku. Moshi uache upake ukuta wenyewe.

Lakini anza kutafuta leo. Ukingoja garanti iishe, utakuta magari meupe yamekutangulia huko.